Mzazi Aliyepotewa na Akili: Twamsitiri au Twamficha?

Baada ya darsa ya baina ya magharibi na isha, ndugu mmoja katika wahudhuriaji wetu alibaki nyuma mpaka watu wakaisha kutoka, kisha akauliza suala ambalo kwa kweli hatukuwa tumejitayarisha nalo. Alisema: "Maalim, mamangu huamka saa tisa ya usiku akauliza baba yuko wapi, mbona hajarudi msikitini. Na baba amekufa, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Nikimwambia amekufa, hulia kilio cha msiba kama kwamba maiti angali ndani. Asubuhi amesahau, na usiku wa pili aniuliza tena. Nikimwambia atarudi, nimesema uongo. Nifanye nini?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kuwa majirani hawajui khabari hii, kwani yeye na ndugu zake wamekubaliana wasimtoe mama mbele za watu, ili kumsitiri.

Tulimjibu kwa yale tuliyoyaweza saa ile, na jibu lenyewe tutalitaja mbele. Lakini neno lake hilo la mwisho lilitukaa moyoni kuliko suala alilolianzia. Kwani twaona kuwa katika miji yetu hii ya pwani, kutoka Lamu mpaka Vanga, ni maneno machache yaliyobebeshwa mizigo ya watu wengine kama neno hili sitara. Basi twataka leo kulitazama: ni lini tunapomsitiri mzazi aliyepotewa na akili, na ni lini tunapojisitiri sisi wenyewe kwa kumfungia yeye mlango?

Kwanza na tuijue hali yenyewe ni nini. Mtu akizeeka hupungukiwa na wepesi wa kukumbuka; hutafuta miwani nayo iko usoni, humwita mjukuu kwa jina la mjomba wake, na hili halina neno. Hali tunayoisema sisi ni nyingine. Ni mtu kupotea njia ya msikiti aliousalia miaka arubaini, ni kula chakula, na kabla sahani haijaondolewa akalalamika kuwa ananyimwa chakula, ni kumtazama mwanawe wa kumzaa akamwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Matabibu huiita hali hii dimenshia, nayo si ugonjwa mmoja bali ni jina la hali iletwayo na maradhi mbalimbali ya ubongo. Kubwa lao ni lile liitwalo kwa jina la tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika hospitali ya mji wa Frankfurt, tabibu huyu alimpokea mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter, ambaye alikuwa akishindwa hata kuliandika jina lake mwenyewe likaisha. Mwanamke yule alipokufa mwaka 1906, Alzheimer aliupima ubongo wake kwa darubini akaona umesinyaa, na ndani yake mna mabonge na nyuzi zilizosokotana zisizokuwamo katika ubongo wa mtu mzima wa afya. Akawasomea matabibu wenziwe khabari hiyo mwaka huo huo katika mji wa Tübingen. Na Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na dimenshia, zaidi ya asilimia 60 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama hii yetu.

Haya tumeyaeleza ili ijulikane kuwa ni maradhi ya mwili, yana mahali pake katika kiungo kinachojulikana, kama yalivyo maradhi ya ini au ya figo. Si laana ya mzazi wala si deni la dhambi. Qur'ani yenyewe imetutajia, katika sura ya An-Nahl na katika sura ya Al-Hajj, kuwa katika watu wako warudishwao kwenye umri ulio duni, hata wakawa hawajui baada ya kujua. Na Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alikuwa akijilinda kwa Mwenyezi Mungu na kurudishwa huko. Jambo ambalo Mtume alijilinda nalo ni balaa ya kuombewa usalama, wala si aibu ya kuchekwa.

Wako wasemao: mtu aliyeihifadhi Qur'ani hapatwi na haya, na akipatwa basi kuna jambo alilifanya. Kauli inayofanana na sehemu ya kwanza imepokewa kutoka kwa baadhi ya wa zamani, na sisi twaitarajia kheri yake kama tunavyoitarajia baraka ya kila ibada. Lakini hiyo sehemu ya pili, ya kumtuhumu aliyepatwa, ni nyongeza ya watu wa barazani, nayo yakanushwa na wanazuoni wa Hadithi wenyewe. Hebu tazama vitabu vyao. Wana mlango mzima katika elimu yao wauitao ikhtilati, yaani kuchanganyikiwa, na humo wamewaandika wapokezi wakubwa, watu wa ibada na wa hifadhi, ambao mwisho wa umri wao akili ziliwachanganyika. Ibnul Kayyal ametunga kitabu kizima juu ya hao, Al-Kawakib an-Nayyirat, na masharti yake ni kuwa wawe watu waaminifu. Ata bin Saib wa Kufa ni mmoja wao. Wanazuoni walisema: aliyesikia kwake zamani, kama Sufyan Thauri na Shuuba, mapokezi yake ni sahihi, na aliyesikia kwake mwishoni, yaachwe. Wakaandika katika mstari mmoja kuwa ni mwaminifu, na kuwa mwisho wake alichanganyikiwa. Neno la pili halikulifuta la kwanza. Laiti sisi tungaliweza kumsema mzazi wetu namna hiyo, kwa uwazi na kwa heshima katika pumzi moja!

Na katika khabari zao mna kisa ambacho kwetu sisi ndicho mizani ya suala hili. Jarir bin Hazim alikuwa mpokezi wa Basra, akafariki mwaka 170 wa Hijra. Abdurrahman bin Mahdi, aliyekuwa wa mji huo huo, ametusimulia kuwa Jarir alichanganyikiwa akili, naye alikuwa na wana waliokuwa watu wa Hadithi. Walipoihisi hali hiyo kwake walimzuia, na kwa hiyo hakuna mtu aliyesikia kwake kitu wakati wa kuchanganyikiwa kwake.

Basi mtu aweza kutuambia: "Nanyi mwatulaumu nini? Wana wa Jarir nao walimficha baba yao!" Naam, walimficha. Lakini tuulize, walimficha na nani, na kwa faida ya nani? Walimzuilia wanafunzi waliokuja na kalamu zao kuchukua maneno kwake, maneno ambayo yangalinasibishwa kwa Mtume mpaka siku ya Kiyama. Walilihifadhi jina la baba yao lisiharibiwe na ulimi wake mwenyewe, na wakaihifadhi dini ya watu. Wala hawakukanusha kuwa ana maradhi, kwani khabari yenyewe isingalitufikia. Hiyo ndiyo sitara: umefunika jeraha la mtu ili lisiingie uchafu.

Na sasa tutazame yetu. Mzee awekwa chumba cha juu, au cha uani. Akija mgeni kumjulia hali aambiwa, "Amelala". Akija mara ya pili, amelala. Mpaka marafiki aliokaa nao baraza moja miaka thelathini wakakata tamaa ya kumwona, wakamsikia tena siku ya jeneza. Ukiuliza kwa nini, jibu la kweli, watu wakiwa peke yao, ni kuwa wakhofia maneno: watu watasema nyumba ile ina kichaa, mabinti hawataposwa. Jeraha limeachwa wazi hapo, na kilichofunikwa ni uso wa wana. Nao matabibu watuambia kuwa upweke wenyewe ni katika mambo yanayoongeza hatari ya akili kudhoofika. Kwa hiyo mlango ule waongeza lile lile uliofungwa kwa ajili yake.

Tena kufichwa huko humzuilia tabibu. Si kila aliyechanganyikiwa ana maradhi yasiyoponyeka. Mzee huweza kuchanganyikiwa kwa sababu ya ambukizo la njia ya mkojo, au kwa dawa alizochanganya, au kwa upungufu wa vitamini B12, au kwa tezi ya shingo isiyofanya kazi yake, au kwa damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka bafuni, au kwa huzuni kubwa iliyomwelemea. Na haya yana matibabu. Wangapi wamefukizwa ubani na kusomewa majina ya majini, wakachinjiwa mbuzi wa kafara, na dawa yao ilikuwa vidonge vya siku saba? Sisi hatukatazi kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea dua. Hiyo ni sunna. Tunalolikataza ni kumwachia mganga kazi ya tabibu, na kumwuzia ng'ombe wa mzee kwa jina la mzee.

Wala tusidhani kuwa ujinga huu una mwisho mwepesi. Katika nchi ya Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, hata ikabidi huko Kaya Godoma, upande wa Ganze, pafanywe mahali pa kuwahifadhi waliotishwa. Mzee aliyepotewa na njia usiku, akakutwa nyuma ya nyumba ya jirani akizungumza peke yake, asiweze kueleza ametoka wapi, ni nani aliye mwepesi kutuhumiwa kuliko yeye? Na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo pana shamba. Sisi wa mijini tusijione bora. Yule wa shamba hushika panga, na wa mjini hushika karatasi.

Na hili la karatasi ndilo lililotufanya tuandike kwa ukali. Kwani mahali ambapo sharia yatutaka tuseme, hapo ndipo tunaponyamaza. Mama ambaye kwa miezi sita hakuonyeshwa jirani, siku moja avishwa buibui jipya, apandishwa gari, apelekwa akatie dole gumba kwenye hati ya nyumba, na waliokuwa wakisema "amelala" sasa wasema "akili yake ni timamu." Basi na ijulikane: mtu ambaye akili imemwondoka, uuzaji wake haupiti, wala hiba yake, wala wakfu wake, wala wasia wake, na talaka aliyoitamka mzee katika hali hiyo haimtoi mke nyumbani. Mali iliyochukuliwa kwa dole lile ni mali ya watu, na anayeila anakula haki ya warithi wenziwe na haki ya mwenye mali ambaye angali hai. Aya ndefu ya deni katika Al-Baqara imeamrisha kuwa aliye dhaifu asiyeweza kuandikisha, aandikishiwe na walii wake kwa uadilifu. Na mwanzo wa An-Nisaa umeamrisha kuwa asiyeweza kuiendesha mali yake alishwe na avishwe kutokana nayo, na aambiwe maneno mema. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Zaka ya mali yake yatoka vile vile, aitoe walii. Kalamu imeondolewa kwake katika sala na saumu, kama ilivyopokewa katika Hadithi ya watu watatu. Lakini mali yake ingali ina mwenyewe.

Wenye shida hii wajue pia kuwa sheria ya nchi ina njia. Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, inaiwezesha mahakama kumteua mtu wa kusimamia mali ya asiyeweza kuisimamia kwa maradhi ya akili, na mtu huyo hutakiwa atoe hesabu. Ni njia yenye gharama na yenye safari nyingi, twakubali. Iliyo nyepesi kuliko hiyo ni kutangulia. Maradhi haya aghlabu huja polepole, na mwanzoni mtu huwa angali na akili yake nyingi. Huo ndio wakati wa kukaa naye, mbele ya mashahidi waadilifu, aseme madeni yake, amana za watu zilizo kwake, na wasia wake. Na upande wa pili pia una dhulma yake: wako waonao mzazi amesahau jina la jirani mara mbili, mara wamemnyang'anya funguo na kitabu cha benki. Kusahau jina si kupotewa na akili. Apimwe na tabibu kabla hajapimwa na warithi.

Liko jambo jingine lililofichwa katika nyumba hizi, nalo ni huyo anayemwangalia. Huyu ni nani? Mara nyingi ni binti mmoja ambaye hakuolewa au aliyeachika, au ni mke wa mwana, au mtumishi wa mshahara mdogo. Ndiye anayemwosha mzee, anayemtafuta barabarani, anayetukanwa na kuitwa mwizi na mtu asiyejua asemalo. Ndugu zake wa kiume wako Muscat au Dubai. Hupiga simu siku ya Ijumaa, wakauliza kwa nini mama amekonda. Birri ya wazazi ni faradhi juu ya wana wote, wa kiume na wa kike, kila mmoja kwa uwezo wake, wala haikushushwa juu ya mabega ya binti peke yake. Na mke wa mwana, kwa sharia, hana wajibu wa kumtumikia mkwewe. Akimtumikia ni ihsani yake, nayo hushukuriwa, haiamrishwi. Anayefanya kazi hiyo akisema "nimechoka," asiambiwe kuwa hana radhi za wazazi. Apewe usingizi wa usiku mmoja. Tumewaona watu wa namna hii wakitangulia kufa kabla ya wale waliokuwa wakiwaangalia.

Sasa wako wanaotuuliza: je, mtu aweza kujikinga? Wanazuoni wetu, naye Imam Ghazali ni mmoja wao, wamehesabu akili katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, pamoja na dini, nafsi, nasaba na mali. Tulizoea kuifahamu hifadhi hiyo kwa kukatazwa ulevi tu, lakini maana yake ni pana zaidi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet la Uingereza walitaja mambo 14 ambayo, lau yangaliondolewa, takriban asilimia 45 ya dimenshia ingaliweza kuzuilika au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, mafuta mabaya katika damu, unene, uvutaji wa sigara, ulevi, kukaa bila ya kuutumikisha mwili, usikivu uliopungua, macho yasiyotibiwa, na upweke tuliokwisha kuutaja. Tuseme kweli, tunaokaa barazani tangu alasiri na chai ya sukari vijiko vitatu, mbele yetu sahani ya mahamri na nyingine ya halwa, tukimcheka mwenzetu aliyevaa viatu vya raba akitembea ufukweni, hatuihifadhi akili. Na mzee asiyesikia hukaa kando ya mazungumzo mpaka akaacha kuzungumza. Kumtafutia chombo cha masikio si anasa.

Katika mambo hayo 14 liko moja lililotuuma: uchache wa elimu katika utoto. Katika miji hii walikuwako waliowazuia mabinti wasende shule, wakidhani wanawalinda. Na wengi wa mabinti hao leo ndio mama zetu wa miaka sabini na themanini. Hatusemi kuwa kila aliyepatwa amepatwa kwa sababu hiyo, kwani hata maprofesa hupatwa, na hata mahafidhi. Twasema tu kuwa dhulma ile hesabu yake haijafungwa.

Turejee kwa ndugu yetu na mama yake. Katika kikao chetu hatukuafikiana. Mmoja wetu alisema uongo ni uongo, na mama aambiwe kweli kwa upole kila anapouliza, kwani asiyejua leo huenda akajua kesho. Wengi wetu tulikumbuka kisa cha Ummu Sulaym kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mtoto wake alikufa mumewe Abu Talha akiwa nje. Aliporudi akauliza khabari za mtoto, Ummu Sulaym akamjibu kuwa ametulia, na kuwa anataraji amepumzika. Akampa chakula chake cha usiku, na hakumweleza mpaka alipokwisha kupumzika. Mtume aliposikia asubuhi hakumlaumu, bali aliwaombea baraka. Ummu Sulaym hakusema uongo. Alichagua katika maneno ya kweli lile ambalo mwenziwe angeweza kulibeba kwa saa ile. Yule aliyetukhalifu akajibu kuwa Ummu Sulaym alimwambia mumewe mwishowe, na mama huyu hana mwishowe. Hili ni kweli, na hatukupata la kumjibu ila kuwa kwa mama huyu kila usiku ni usiku wa kwanza, na kumfisha mumewe kila usiku ni adhabu ambayo hatuioni katika sharia.

Tukamwambia ndugu yetu asiseme "atarudi." Aseme, "Yuko kwa Mola wake, mama, hana taabu," kisha amwulize yeye mama khabari za baba. Na tukamwambia afungue mlango.

Baada ya wiki mbili alikuja tena. Dada ya mama na mashoga zake wawili wa zamani sasa huja alasiri; hawatambui kwa majina, lakini hucheka nao, na wakianza kusoma maulidi ya Barzanji yeye huwatangulia pale wanaposahau. Usiku angali akiamka. Akiuliza baba yuko wapi, mwanawe humwuliza, "Kwani umempikia nini leo, mama?" naye humweleza samaki, na nazi iliyokunwa, na jinsi baba asivyopenda pilipili nyingi, mpaka usingizi ukamchukua. Lakini si kila usiku. Usiku wa Jumatatu alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, usinifiche. Babako amekufa?" Naye akamwambia, naam. Wakalia pamoja mpaka adhana ya alfajiri.